Kwa nini pia za Mzee Maranda ziligoma kusimama

Saa mbili asubuhi, mashine ya kukereza inanguruma na Mzee Maranda anapaza sauti ili aishinde. "Andika hivi, mwanangu: hajazaliwa kijana niliyemfundisha kutupa pia akashindwa!"

Mwandishi anaiandika kauli hiyo daftarini. Nyuma ya mzee, mjukuu wake wa kike wa miaka kumi na sita anakohoa, kikohozi kisicho na mafua.

Fundi huyu wa miaka 63 hukereza miguu ya vitanda na viti. Jina la Maranda alipewa na majirani, kwa sababu maranda ya mbao humjaa nywele, nyusi, na siku nyingine chai. Vipande vinavyobaki huvikereza viwe pia za kuchezea, zile zinazozungushwa kwa kamba, akapigilia msumari mmoja chini, kisha akawagawia vijana bure.

Kwa miezi miwili amewafundisha kila Jumamosi katika ukumbi wa mtaa. Walianza kumi na wanane. Leo wamebaki wanne, na msimamizi wa ukumbi ametoa sharti: Jumamosi hii wasipofika kumi na wawili, nafasi wanapewa wacheza karata.

"Karata!" Mzee anang'aka. "Vijana wakae tena? Darasani wamekaa, kwenye simu wamekaa. Pia inakuinua, inakunyoosha mkono, inakuchekesha. Nikinyang'anywa Jumamosi yangu, nabaki na miguu ya vitanda tu, na yenyewe haicheki."

Wanne waliobaki, mjukuu akiwamo, wanajipanga uani. Mzee anasimama mbele yao, anazungushia kamba, anatupa. Pia yake inatua wima na kuvuma kama nyuki.

Wanamfuatisha. Ya kwanza inalala chali. Ya pili inakimbilia chini ya benchi. Ya tatu inamrudia mwenyewe kama inayomdai. Ya nne, ya mjukuu, haifai hata kusimuliwa.

"Jamani, nyie hamna mikono?"

"Tunayo, babu," anajibu mjukuu, kikohozi kimepona ghafla. "Ila si kama mkono wako. Wewe ni wa shoto. Kamba tunazungusha upande wako, halafu tunatupa kwa kulia. Itasimama saa ngapi?"

Mzee anautazama mkono wake kana kwamba amekabidhiwa sasa hivi. Miaka yote amekerezea mkono huo, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa kamba nayo ina upande.

"Kwa hiyo wale kumi na wanne walioondoka..."

"Walijiona wana mikono mizito, babu."

Kamba zinafunguliwa na kuzungushwa upya, upande wa pili. Pia nne zinatupwa. Zote nne zinasimama! Kelele zinamtoa mama wa duka la jirani mbio, kijiko cha sukari mkononi.

Mzee anafuta macho, anasingizia vumbi, kisha anachukua simu. "Rudi, mwanangu. Mkono wako hauna kosa, kosa ni langu." Kufikia adhuhuri, tisa wamekubali. Jumla kumi na watatu.

Sasa ana mpango: kila anayejua amfundishe mdogo wake, hadi ukumbi uwe mdogo. "Na wa shoto wote," anasema, kifua mbele, "waleteni kwangu."

Mwandishi wa makala haya naye alijaribu, na anaripoti kwa fahari kwamba pia yake ilisimama mara ya kwanza.

"Mara ya kwanza?" Mjukuu analisoma daftari juu ya bega la mwandishi. "Ya kwanza si ile iliyovunja kikombe cha babu?"