Vitabu vya Ndege Vilivyochomwa kwa Kosa la Kutumika

Aliyeamuru vitabu vya utambuzi wa ndege vichomwe ni Mkuu wa Kituo chetu cha wanyamapori aliyepo sasa. Aliyetekeleza bila kuuliza ni Mtunza Stoo wake. Nayaandika haya mwanzoni ili kijana atakayesoma kumbukumbu hizi asije akaambiwa kwamba vililiwa na mchwa.

Niliripoti kazini kando ya ziwa nikiwa na cheti cha chuo na viatu vipya visivyofaa kwa tope la mafunjo. Bosi wangu wa kwanza, Afisa Wanyamapori Mwandamizi, alikuwa Mhaya mrefu asiyependa haraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na macho?"

"Nimekuja nayo, mzee."

"Basi nenda ziwani ukayatumie. Kitabu utakipata ukirudi."

Nilirudi nikamwambia nimeona ndege mweusi. Alicheka hadi akavua miwani. "Mweusi! Hata sufuria ya mama yako ni nyeusi. Mdomo umenyooka au umepinda nchani? Shingo je? Alikuwa anaogelea au amesimama anaanika mabawa? Rudi, bwana. Hujamwona bado."

Alikuwa mnandi, ndege ambaye kila mvuvi anamjua. Lakini siku hiyo nilijifunza utaratibu wetu: kwanza unatazama, kisha unaeleza kwa mdomo mbele ya mwenzako, ndipo unafungua kitabu. Anayeanza na kitabu humwona ndege wa kitabuni.

Utaratibu wa pili ndio uliozaa mgogoro huu. Vitabu vile vilichapwa mbali, na waandishi wake, pamoja na bidii yao yote, hawakukaa ziwani masika na kiangazi. Kwa hiyo maafisa tuliandika kwenye pambizo, yaani ile nafasi nyeupe ya kando ya maandishi: ndege huyu huonekana wapi, huja mwezi gani, hulia vipi, Wasukuma na Wakerewe wanamwitaje. Tulitumia penseli laini, na hakuna aliyeruhusiwa kuandika mpaka mwenzake awe amemwona ndege yuleyule. Kila aliyehamishwa alikiacha kitabu kikiwa kinajua zaidi ya alivyokikuta.

Nilipohamishiwa Kigongo, Mkuu wa Doria, mama wa Kijita kutoka Mara, alinifundisha kuchagua kitabu. Nilimpelekea kimoja chenye picha za kupendeza, nikitarajia sifa.

"Kijana, jike liko wapi humu?" aliniuliza.

"Halimo, mama."

"Na kinda?"

"Halimo."

"Sasa hawa madume waliovaa nguo za harusi, hata mlevi wa Kirumba si atawatambua? Rudisha dukani."

Shikeni hilo, vijana. Kitabu kizuri kinaonyesha dume, jike na kinda, tena ndege akiwa na manyoya ya msimu wa kutaga na nje ya msimu huo. Kina ramani ya mahali aishipo na kinawaweka ukurasa mmoja ndege wanaofanana. Zaidi ya yote, ni kitabu cha nchi unamosimama.

Miaka yangu ya mwisho nilitumikia ofisi ya kituo, Mirongo, nikiwa mtunza rafu ya vitabu vile vilivyoandikwa pambizoni. Nilipostaafu niliikabidhi kamili.

Mwaka huu nilialikwa kuwafunza vijana wanaoongoza watalii. Tulikuwa ukingoni mwa mafunjo, mbele yetu ndege mwenye kifua chekundu, mgongo mweusi na utosi wa manjano. Binti mmoja alifungua kitabu kipya cha kituo.

"Babu, mbona wa kitabuni hana manjano kichwani? Au huyu wetu anaumwa?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Kitabu kilikuwa cha ndege wa kusini mwa Afrika. Kizuri, ila kwa watu wa huko. Nilimwomba akalete vya zamani.

"Vimechomwa, babu, nyuma ya stoo. Vilivyobaki vimo kwenye viroba, vinasubiri."

Nilikwenda kwa Mkuu wa Kituo siku hiyohiyo. Aliniamkia vizuri, akaniagizia chai.

"Mzee wangu, vilikuwa vimechorwachorwa. Mkaguzi akikuta mali ya kituo imeandikwaandikwa, nitamjibu nini?"

"Utamjibu kwamba imetumika."

"Sasa hivi tuna vipya, visafi kabisa."

"Visafi kwa sababu havijui kitu!"

Chai niliiacha. Ustaafu umenifundisha uvumilivu wa mambo mengi, maumivu ya magoti yakiwemo, lakini hili silivumilii. Maafisa walioandika pambizo zile wengi tumeshawazika. Walichokiona kwa maisha yao yote hakikuandikwa mahali pengine popote, na nusu yake sasa ni majivu.

Kwa hiyo nadai rasmi: viroba vilivyobaki visiguswe, vifunguliwe mbele yetu maafisa wastaafu, na kila kitabu kirudishwe kwenye rafu ambapo vijana watakifikia. Nadai pia maelezo ya maandishi ya aliyeamuru na aliyetekeleza, kila mmoja kwa jina lake na cheo chake. Sitapokea jibu linalosema "ofisi iliamua". Ofisi haina mkono wa kuwasha kiberiti.