Sharti la Bip Nililolifuta

Siku yangu ya kwanza kazini, chef de centre, mkuu wa kituo chetu cha Ibanda mjini Bukavu, alinipa bisibisi, kitambaa na onyo moja. "Weye mugeni, usiguse kitu chenye kuwaka taa." Nikamwuliza ni kipi kisichowaka taa humo ndani. "Mulango," akajibu. Basi nilipangusa mlango majuma mawili.

Vijana mnaosoma haya mmezoea kila kitu kiwe ndani ya kompyuta. Wakati ule kampuni yetu ndogo ya simu ilikuwa na makabati ya chuma yaliyojaa nyaya. Tuliyaita commutation, yaani mahali ambapo sauti ya anayepiga hukutanishwa na ya anayepigiwa. Kila maongezi yakiisha, mashine iliandika nani kampigia nani na kwa muda gani. Rekodi hiyo tuliiita tiketi. Programu ya sauti hukutanisha watu, programu ya facturation, yaani ya kutoza pesa, husoma tiketi. Mbili hizo zisipoelewana, kampuni imekwisha.

Hayo niliyajua kwa masikio na vidole, maana diploma kubwa sikuwa nayo. Kutoka Ibanda nilipelekwa kwenye antena ya Cimpunda, mtaa wa juu mlimani, nikakaa huko miaka mitatu, kisha nikarudishwa ofisini kuwa msaidizi wa Directeur Technique, mkuu wa mafundi wote, ambaye wote tulimwita DT. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache alikuwa akiniambia mimi. Nilijiona mwana wa pekee.

Ndipo akaja Ingénieur Nsimire.

Sitazunguka mbuyu: nilimwonea wivu tangu asubuhi ya kwanza. Alikuwa mhandisi wa kike mwenye umri wa mdogo wangu wa mwisho, alisoma tiketi kwenye skrini haraka kuliko mimi, na DT akaanza kugonga mlango wake kabla ya wangu. Siku moja nilimsikia DT akicheka ndani ya ofisi ya yule binti. Miaka yote ile sikuwahi kumchekesha DT. Nilirudi nyumbani nikakataa bugali, mke wangu akadhani nina malaria.

Kampuni ilipoamua kununua programu mpya, ya sauti na ya facturation kwa pamoja, DT alituita sote wawili.

"Nsimire ataandika cahier des charges. Papa Mugisho, weye utaisafisha mbele ya kuniletea."

Cahier des charges ni orodha ya masharti. Kila muuzaji hujibu sharti kwa sharti kama programu yake inaweza au haiwezi. Shikeni neno hili: anayeandika masharti ndiye anayechagua, hata kabla muuzaji hajabisha hodi.

Mimi nilitoa maswali ya mashine. Inabeba maongezi mangapi kwa mara moja? Umeme ukikatika, inaamka baada ya dakika ngapi? Simu ya Kamanyola, kule mpakani, ikidaka antena ya nchi jirani, tiketi yake inasomwaje? Nsimire naye alienda Cimpunda, akakaa na akina mama wauza samaki, akarudi na jambo ambalo sikuwahi kulifikiria.

"Papa, bale bamama habapigake simu, banabipa tu: inalia kidogo, banakata mbele bajibu. Bip moja: niko nafika. Mbili: samaki imeisha, leta ingine. Tatu: kuya unisaidie kubeba. Mutu moja anaweza kubipa mara makumi mbili kwa siku."

"Na hiyo inaletea kampuni nini?"

"Hailete kitu. Lakini programme zingine zikiona bip mingi, zinasema huyu iko mwizi, zinafunga numero yake zenyewe. Tuandike: isifunge."

Alikuwa sahihi, na hapo ndipo paliponiuma. Miaka mitatu nilipanda na kushuka mlingoti wa Cimpunda, nikisikia wale mama wakibipa chini yangu, na sikuona kitu. Yeye aliona kwa siku moja. Aliponipa nakala yake niisafishe, nililifuta sharti lile, nikapanga upya namba za masharti, nikapeleka kwa DT ikiwa na jina la Nsimire chini.

Muuzaji tuliyemchagua alijibu "ndiyo" kwa masharti yote yaliyobaki. Siku ya tatu baada ya kuiwasha programu yake, nusu ya Cimpunda ilikuwa bubu. Programu iliona bip, ikadhani ni wezi, ikafunga. Akina mama walishuka Ibanda wakajaza ua wa kampuni. Mmoja aliniinulia simu yake usoni: "Mulinifungia juu ya nini? Niliiba sauti ya nani?"

DT alifungua cahier des charges mbele yetu.

"Nsimire, hapa hakuna sharti ya bip. Ulisahau?"

Alichukua karatasi, akausoma ukurasa ule polepole, akanitazama mara moja tu.

"Haiko, patron," akasema.

Nami nikatazama viatu vyangu. Muuzaji alirekebisha programu, akina mama wakafunguliwa, Nsimire akapelekwa Kamanyola kulinda antena na jenereta. Mimi nikapewa cheo cha chef de service, mkuu wa idara, ambacho kila mtu alijua kilikuwa kikimngoja yeye. Nilikikalia hadi kustaafu, na sikukifurahia hata Jumatatu moja.

Kwenye sherehe ya kuniaga walisema nilikuwa mtu wa masharti makali. Juma lililofuata nilipanda gari hadi Kamanyola kuomba msamaha. Nsimire alikuwa mkuu wa kituo sasa, watu wakimsalimia njia nzima, na hata hapo, mzee mzima, moyo uliniwaka. Nikamweleza yote. Aliniacha nimalize.

"Nilijuaka, Papa. Mwenye kuandika anajua ukurasa yake."

"Sasa ulinyamaza juu ya nini? Ulinihurumia?"

"Hapana. Nilichokaka na weye. Kila asubui macho yako mugongoni kwangu. DT aliposema Kamanyola, nilifurahi. Iko mbali."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa msamaha. Kwa hilo sikujiandaa. Nikamwuliza kama yeye naye hakuwahi kunionea wivu, hata kidogo, mimi niliyebaki Bukavu na cheo chake.

Alifikiri, kweli akatafuta, maana ni mtu mwaminifu.

"Wivu ya nini, Papa?"