Mpilipili pori wa marehemu mke wangu, ulivyong'olewa siku ya msiba wake

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hili ninalowaletea limenitokea mwenyewe, nyumbani kwangu Chanika. Sijaongeza chumvi, ila majina nimeyaficha. Mwenye haraka apite tu, maana sijui kufupisha habari za mke wangu.

Mimi ni fundi wa friji na AC, kazi zangu nyingi ziko Mikocheni. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa kemia sekondari huku huku kwetu. Nitamwita Mwalimu, kwa sababu mtaa mzima ndivyo walivyomwita, na mimi mwishowe nikazoea.

Mwalimu alikuwa anasoma masters. Utafiti wake ulihusu pilipili.

Nikisema pilipili, najua nusu yenu mmeshawaza chachandu. Na mimi niliwaza hivyo hivyo. Siku aliponiambia nilicheka, nikamuuliza kwani hiyo nayo inasomewa digrii?

Akanikalisha jikoni, akanipa somo kama mtoto wa form two. Upande mmoja wa meza akaweka pilipili kichaa, pilipili mbuzi na hoho. Akasema hawa wote ni ukoo mmoja na nyanya na biringanya. Upande wa pili akaweka pilipili manga peke yake, zile punje nyeusi za pilau. Akasema huyu hana undugu wowote na wale. Mmea wake unatambaa na kupanda miti, maua yake ni madogo sana na yamebanana kwenye kijiti kinachoning'inia kama mkia wa panya. Hata ukali wake ni kemikali nyingine. Kichaa inawasha kwa kapsaisini, manga inawasha kwa piperini.

Nikamwambia ulimi wangu hauna habari na hayo. Akanipiga na mwiko.

Sasa huo ukoo wa manga una ndugu wengi wa porini, hata hapa hapa Tanzania. Kuna walio vichaka, kuna wanaopanda miti. Baadhi yao majani na punje zao zina mafuta na kemikali zinazozuia fangasi kuota. Hapo ndipo roho ya Mwalimu ilipokuwa.

Sababu yake haikuwa ya kisomi. Mama yake aliuza karanga Temeke maisha yake yote, na kila masika gunia lilikuwa linaota ukungu. Wengine walikuwa wanapepeta na kuuza hivyo hivyo. Mama yake alikuwa anamwaga, anarudi nyumbani analia. Mwalimu alipokuja kusoma habari za sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu huo, akasema lazima atafute kitu cha kuwasaidia akina mama wa namna ile, kitu kinachoota uani na wanachoweza kukitengeneza wenyewe.

Basi nyumba yangu ikageuka maabara. Friji langu la mazoezi, lile bovu, likajaa sahani za mkate wenye ukungu. Sahani moja kapaka maji ya majani, nyingine hajapaka. Wifi yake siku moja alifungua akitafuta samaki, alipiga kelele mpaka majirani wakaja.

Nakumbuka nacheka, halafu nakumbuka tena.

Tuje kwenye huo mmea.

Kuna mwaka tulikwenda harusini Morogoro, kule milimani. Tukiwa tunarudi kwa miguu kuelekea barabarani, Mwalimu akasimama ghafla kwenye ukingo wa shamba la mtu. Kulikuwa na mmea umepanda mti, majani yana umbo la moyo, chini yana wekundu kidogo. Akachuma jani, akalisugua, akaninusisha. Lilinukia manga na limao kwa mbali. Akaomba kipande cha shina kwa mwenye shamba, akakifunga kwenye kanga iliyoloweshwa maji, akakipakata mpaka Dar. Mimi nikabeba mabegi yote, na la kwake.

Akakipanda chini ya mfenesi wetu uani. Kikashika.

Alipokuja kupima maabara chuoni, majani ya mmea ule ndiyo yaliyozuia ukungu kuliko mengine yote aliyojaribu. Siku hiyo alirudi nyumbani anatembea kama bibi harusi.

Ila kulikuwa na tatizo. Hakuujua mmea wenyewe ni spishi gani.

Mnisamehe nieleze hapa, maana bila hili hamtaelewa uchungu wangu. Wataalamu wa mimea walimwambia majani peke yake hayatoshi, kwa sababu ndugu wengi wa manga wana majani yanayofanana. Lete tawi lenye maua na matunda, tulikaushe, tulihifadhi, ndipo tuseme ni aina gani au kama haijulikani bado. Wakampa mfano wa punje. Za manga zimekaa moja kwa moja kwenye kijiti, lakini wapo ndugu zake wa porini ambao kila punje ina kikonyo chake. Kitu kidogo namna hiyo ndicho kinachotenganisha.

Na bila jina, kemia yake yote haina pa kusimama. Ni sawa na majibu ya damu yasiyo na jina la mgonjwa. Mwingine hawezi kurudia kipimo, kwa hiyo hakuna atakayekuamini.

Basi tukasubiri utoe maua. Miaka ikapita, mmea unapanda tu mfenesi, majani matupu.

Katikati ya kusubiri, Mwalimu akaumwa figo.

Nisiwachoshe na habari za hospitali, waliopitia kusafishwa damu wanajua. Ila kuna mtu lazima nimtaje. Jirani yangu Baba Shamsa, mtu wa Lindi, dereva wa bajaji. Nikiwa juu ya paa la mtu Mikocheni nafunga AC, yeye ndiye aliyekuwa anampeleka mke wangu kusafishwa damu. Anamsubiri mpaka amalize, anamrudisha, anamshika mkono mpaka mlangoni. Hakuwahi kunidai hata asante.

Hapa niseme na wale waliokuwa wananong'ona kwamba Mwalimu kaharibu figo kwa kuonja onja mapilipili yake. Hakuwahi kula wala kunywa dawa yake. Watu walimfuata kuomba majani ya fangasi wa miguuni, akawakatalia na kuwaelekeza zahanati. Alikuwa anasema kinachofanya kazi kwenye sahani si lazima kifanye kazi kwenye mwili. Kwa hiyo komeni na uvumi huo, na PM za kuniomba dawa sijibu.

Masika iliyopita, Mwalimu alikuwa ameshadhoofu, anashinda amekaa kwenye kiti chini ya mfenesi. Siku moja nikamsikia ananiita.

"Fundi! Njoo uone, umetoa!"

Kweli ulikuwa umetoa. Vijiti vile vya mkia wa panya, vinaning'inia juu ya kichwa chake. Alikuwa analia na kucheka. Nikamwambia nikate tawi sasa hivi nilipeleke chuo.

"Hapana, subiri zikomae," akasema. "Nikipeleka hivi watanirudisha wakitaka matunda. Nimesubiri miaka yote hii, nishindwe hizi wiki?"

Tukasubiri. Punje zikaanza kufunga, za kijani, ndogo kama kichwa cha pini. Kila asubuhi nilikuwa namwinulia tawi aangalie. Alikuwa haoni vizuri tena, ananiuliza mimi: "Zina vikonyo?" Na mimi macho ya fundi friji, najibu sijui mke wangu, bado ndogo mno.

Alifariki hospitali asubuhi, nikiwa nimemshika mkono. Punje zilikuwa bado za kijani.

Nilimpigia Baba Shamsa kwanza. Nilipotaja Mwalimu tu, akaelewa. Akaniambia, "Fundi, usiseme kitu. Baki na mkeo, huku nyumbani niachie mie."

Mnajua huku kwetu uswahilini. Msiba ukitokea hakuna anayesubiri mwenye nyumba. Wanaume wanashika panga na reki, uwanja unafyekwa, turubai linasimama, wanawake wanateka maji na kuwasha majiko. Mfiwa hagusi kitu. Ndiyo heshima yetu ya mwisho kwa mtu, na mimi mwenyewe nimefyeka nyumba nyingi za watu.

Nilipofika na gari la maiti, uwanja ulikuwa msafi kama wa kuchezea mpira. Turubai limesimama, viti vimepangwa. Nyuma ya choo moshi wa takataka unapanda.

Na mfenesi ulikuwa mtupu.

Baba Shamsa akanijia, shati limelowa jasho, akanikumbatia. Akaninong'oneza sikioni:

"Pole Fundi. Tumeweka kila kitu sawa. Yale majani yaliyokuwa yameukaba mfenesi nimeyang'oa mie mwenyewe na shina lake, wageni wasije wakaumwa na nyoka."

Mke wangu yuko ndani ya gari, hajashushwa.

Nikamwambia, "Asante, Baba Shamsa."

Tukamzika baada ya adhuhuri. Niliingia kaburini kumpokea, na aliyekuwa na mimi mle ndani ni yeye.

Matanga yalipoisha nilichokora yale majivu kwa kijiti. Nilipata majani machache tu yaliyokuwa yameangukia pembeni. Kijiti cha punje hata kimoja sikukipata. Najua mtaniuliza picha, zipo kwenye simu. Nilizipeleka chuoni pamoja na yale majani. Dada mtaalamu wa mimea alizitazama muda mrefu, akaniambia kwa upole, "Kaka, ni ukoo wa manga. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya." Vikonyo kwenye picha havionekani.

Nikarudi kule Morogoro. Ukingo wa shamba umesafishwa, wamepanda tangawizi. Mwenye shamba wa zamani ameshauza na kuhama.

Kwa hiyo kazi ya Mwalimu imebaki kwenye chupa, kwenye kabati la maabara. Mmea usiojulikana. Hatukujaliwa mtoto, wakuu. Jina la ule mmea ndilo lililokuwa libaki.

Baba Shamsa anakuja kwangu kila jioni, ananiletea ugali, tunakula wote. Sijamwambia. Kuna jioni alikuja na miche ya asumini, akaipanda pale pale lilipokuwa shina. Akasema, "Mwalimu alipapenda hapa, mie nilikuwa nikimwona anakaa. Pasibaki patupu."

Asumini imeshika vizuri. Naimwagilia kila asubuhi.

Nilichojifunza ni hiki. Kama ndani kwako kuna mtu ana kitu chake anachokijua yeye tu, jirani wa karibu aambiwe mapema. Mwalimu alikuwa anaogopa wataomba majani wakayanywe, kwa hiyo hakuwahi kuwaonyesha ni mmea upi. Na msiba ukitokea, awepo ndugu mmoja wa kusimama uani na kusema hiki msiguse.

Mlioko Morogoro, Tanga na kwingine milimani, mkiona mmea wa namna niliyoeleza umetoa punje, msikate. Niandikieni hapa, nauli yangu nitajua mwenyewe. Na kama kuna mtu humu amewahi kupoteza kitu mikononi mwa watu waliokuwa wanamtendea wema, aniambie alifanyaje.

Mawe nitayapokea, ila msimguse Baba Shamsa. Hasomi mitandao, ndiyo maana nimeweza kuandika hapa. Na kama wewe unayesoma ni wa Chanika na umeshajua ni nyumba gani, nakuomba kwa jina la Mwenyezi Mungu, asije akajua.