Tulipokuwa Waaustria wa Uvira

Enzi zetu, sisi tuliosoma Uvira kabla vita havijatutawanya, historia ilikuwa ni Wazungu kupigana. Mwalimu wetu, mzee wa koti moja la kahawia, alisoma kwa Kifaransa huku akichapa ubao kwa fimbo hadi vumbi la chaki lituwashe pua. Napoleoni ameshinda. Napoleoni ameshinda tena. Na anayepigwa kila mara ni Mwaustria, maskini, na koti lake jeupe.

Basi mapumzikoni wavulana wakawa Wafaransa. "Nyinyi mutakuwa Autriche," yaani Austria, alituamuru Byamungu, aliyejitawaza Napoleoni kwa kofia ya jani la mgomba. Kazi yetu wasichana ilikuwa kuanguka na kufa. Mimi na Furaha, mwenzangu wa dawatini, tulikufa muhula mzima.

Siku moja Furaha akafungua kitabu cha mwalimu, akakuta ukurasa ambao mzee alikuwa anauruka kila mwaka. Kumbe mwaka 1809, kwenye mto Danube, Waaustria waliachia magogo na mashua zielee na maji mpaka zikavunja daraja la Wafaransa, na Napoleoni akarudi nyuma!

Mchana ule wavulana wakavuka kijito kwa daraja lao la mianzi. Sisi tulikuwa tunawangoja upande wa juu na vigogo vya migomba. Daraja likasambaratika. Napoleoni akazama hadi shingoni na sare yake ya pekee.

Mwalimu akaja na fimbo, kitabu kwapani. "Autriche haikumushindaka Napoleoni hata siku moja!"

"Bon, mwalimu, geuza ukurasa," Furaha akasema.

Akageuza. Akasoma hadi mwisho. Kesho yake akatufundisha ukurasa ule, bila kututazama usoni.

Kiangazi cha 2015 niliwapakia wanangu garini kutoka Louisville, huku Amerika vita vilikotutupa, nikampitia Furaha kwake Whitehall, pale Columbus, tukaenda hadi Buffalo kuona makumbusho ya vita vya zama zilezile za Napoleoni. Kwenye kona moja palikuwa na sanamu ya askari wa Austria, koti safi kama la daktari wa meno. Sisi wawili tulisimama pale tukimtazama mwenzetu.

Wanangu je? Binti alibinua midomo, akajipiga picha mbele ya mzinga. Kijana, ambaye kila jioni anaua majeshi mazima kwa kidole gumba kwenye simu, aliuliza kama mzinga unatumia betri. Furaha akawasimulia habari za Danube. Wakaitikia kwa kichwa, vidude masikioni.

"Haya, nani alishinda?" Furaha akawauliza.

"Amerika?" kijana akabahatisha.

Njiani nikawasimulia vita vyetu vya kijitoni. Binti akashtuka: "Mama, why didn't you call the police?"

Eti mbona hatukuwaita polisi! Tulicheka hadi machozi. Sisi tulipigana mchana, jioni tukala ugali sahani moja na maadui, tukigombania dagaa. Hawa wanangu hawagombani na mtu. Hapa Louisville mlango unaotazamana na wetu una watoto wa umri wao. Nawasikia wakicheka nyuma ya ukuta. Wangu hawajui hata majina yao.