Usiwaambie Watu wa Kanisa Meli Itasimama Wapi

Tangu nirudi, kila mama wa hapa Merrylands, Sydney, anayenikuta mbele ya duka la nyama ananishika mkono. "Mama, tueleze meli ikoje. Na mimi watoto wangu wanataka kunipeleka." Nimechoka kurudia. Shule mimi niliiona kwa mlango tu, lakini kuandika naandika. Basi someni hapa, mniache ninunue nyama yangu.

La kwanza: usiwaambie watu wa kanisa meli itasimama wapi. Mengine yote ni madogo.

Mdogo wangu anakaa Hobart, kwenye kile kisiwa cha kusini, Tasmania. Mimi nilipopata safari ya kuja Sydney, yeye ndiye aliyebaki kwenye kambi ya wakimbizi na mama yetu, na yeye ndiye aliyemfumba macho. Baadaye naye akapata safari, wakampeleka huko kisiwani, na kabla hatujapanga kuonana korona ikaingia. Wakafunga Sydney, wakafunga kisiwa. Nchi moja, serikali moja, na mdogo wangu namwona kwenye simu, paji la uso peke yake, kwa sababu mpaka leo hajui kushika simu.

Kilichokuwa kinaniuma ni hiki. Mama alipokufa, habari zilinifikia pamoja na neno lake la mwisho: "Mpendane." Watu walilia. Mchungaji wetu akalihubiri Jumapili mbili. Mimi nikakaa nalo kama mtu aliyepewa kiatu cha mwenzake. Mama yetu? Mpendane? Mama yule alikuwa anagombana hata na mvua. Nikamwuliza mdogo wangu kwenye simu, mama alisema nini hasa. Akaniita Yaya, ndiyo dada mkubwa kwetu, akasema: "Yaya, hayo si ya simu." Kila nikiuliza, si ya simu. Nikaapa nitakaa mbele ya uso wake aniambie, kabla na mimi sijafumbwa macho.

Mipaka ilipofunguliwa mjukuu wangu akasema, ndege, mara moja umefika. Nikamwambia ndege sipandi tena. Yeye alikuja akiwa mgongoni mwa mama yake, hajui kungoja ndege ni nini. Tulishushwa katikati ya safari, kwenye uwanja mkubwa wa nchi ya jangwa, tukaambiwa tungoje nyingine. Nje moto, ndani baridi ya kugonganisha meno. Taa hazizimwi, hujui kama ni asubuhi au jioni. Vitenge vyangu vyote vilikuwa kwenye valizi, sanduku la nguo, na valizi ilishatangulia. Nilivaa soksi za mwanangu mikononi. Kwa hiyo mkingoja ndege ya kuunganisha, kitenge kizito, dawa na nguo ya ndani vikae na nyinyi, visiende na valizi. Na msivue viatu. Mimi nilivua nikalala, miguu ikavimba, viatu vikaikataa. Niliingia Australia pekupeku, na waliotupokea wameshika maua.

Basi mjukuu akatafuta njia nyingine. Mtoto huyu ni muuguzi. Miaka yote ya korona alikuwa hospitali, barakoa imemchora mistari mashavuni kama chale za zamani, na bado alimwekea bibi yake pesa ya safari. Mnaosema watoto wa huku hawana moyo, njooni niwaoneshe wangu. Akapata meli ya kutoka Sydney, inayosimama Hobart kutwa moja. Saa kumi jioni kila mtu awe amesharudi ndani.

Wakati ule huingii melini bila kupimwa. Nilijifungia chumbani, mgeni akija namsemesha kupitia dirishani. Mjukuu aliponiingiza kile kijiti puani, karibu nione jamaa waliotangulia. Tukakaa tunakitazama kile kipimo. Mstari mmoja. Nikavaa viatu.

Ya melini ni haya. Chumba kisicho na dirisha ni kabati, msikubali. Chakula ni milima na milima, na hakuna mlima wenye pilipili, bebeni yenu. Kadi mnayopewa ndiyo mlango, bila hiyo hutoki wala huingii, itundikeni shingoni. Na msibebe ndizi. Mjukuu aliniambia, "Bibi, no fruit." Nikasema ndizi za kupika si matunda, na siwezi kwenda kwa mdogo wangu mikono mitupu. Nikazifunga ndani ya mfuko, chini ya kitenge. Kushuka Hobart, mbwa mdogo wa ukaguzi akaja akakaa kitako mbele ya mfuko wangu, mpole kama mtu aliyealikwa. Binti wa ukaguzi alitabasamu, akazitoa mbele za watu wote, akazitupa kwenye pipa. Ndizi nzuri zile. Mjukuu wangu alitazama pembeni kama hanijui.

Sasa la kanisa. Kosa ni langu. Jumapili ya mwisho nilisimama kushukuru kwamba naenda kumwona mdogo wangu Hobart. Mama mmoja pale ana binamu Hobart. Imetosha.

Natoka getini, namtafuta mdogo wangu, naona kwaya. Vitenge vya sare, ngoma, mchungaji wao amevaa suti katika upepo ule wa kukata masikio. Mdogo wangu yuko nyuma kabisa, mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Kabla sijamfikia nimeshikwa na mikono mingi, nimeingizwa garini, na yeye ameingizwa gari lingine.

Nyumbani kwake wakanikalisha katikati ya sofa. Mdogo wangu akaniinamia, akanishika magoti, akasema, "Yaya, umekonda." Halafu akaingia jikoni. Ndiyo hiyo. Mgeni amefika, mwenye nyumba apike. Nikabaki na mchungaji.

Wakaomba. Wakaimba. Wakaanza kujitambulisha, huyu ni shemeji wa jirani wa kambini, huyu baba yake alinyoana nywele na mjomba wangu. Mimi nasikia masufuria ya mdogo wangu nyuma ya ukuta. Nimevuka bahari ile ya mawimbi nije kusikiliza sufuria.

Nikainuka niende jikoni. Mama mmoja akanirudisha kwa mabega.

"Hapana, mama. Mgeni haingii jikoni."

"Mimi si mgeni. Yule nilimbeba mgongoni."

"Ndiyo maana leo umepumzika."

Wakaimba tena. Mjukuu ananionesha saa kwenye simu yake kwa jicho. Hapo mdogo wangu ndiyo kwanza analeta sombe, majani ya muhogo, na samaki, bugali, ugali wetu, bado iko motoni, maana kwetu bugali haiwezi kumtangulia mgeni ikapoa. Meli haijui hayo. Ikaja sahani ya kwanza, nikala tonge mbili zinazounguza, na mdogo wangu akarudi jikoni kusonga ya wengine. Mchungaji akasimama, akasema sasa tunaingia kwenye neno fupi la kumkaribisha mama.

Nikamwambia, "Mchungaji, bado hujanikaribisha? Basi nikaribishe nikiwa njiani. Meli inaondoka."

Nikaenda jikoni, nikazima moto, nikamshika mdogo wangu mkono kama alivyo, na aproni yake, na mwiko mkononi, nikamwingiza garini pamoja nami. Niliona nimeshinda. Lakini gari lilikuwa la mchungaji. Alitoa lile neno fupi mpaka bandarini, na kwaya ikatufuata kwa magari mengine.

Pale getini wakatuzunguka tena. Watu wa meli wanaingia mmoja mmoja, kadi zinalia. Mdogo wangu ananitazama, namtazama, na kati yetu kuna mchungaji. Nikasema moyoni, basi, nitakufa na lile neno la Mpendane.

Ndipo mjukuu wangu. Mtoto huyu Kiswahili anakisikia, lakini ukimsemesha anajibu Kiingereza. Siku hiyo alikitoa chote, kimepinda lakini kimetoka. "Mchungaji, tupige picha na meli. Wote, wote. Kwaya kule mbele. Na nyimbo pia, mimi nafanya video ya watu ya Sydney." Nani anakataa video ya Sydney? Wakaenda wote, wakajipanga, warefu nyuma. Mjukuu akawa anarudi nyuma na simu, akiwavuta wamfuate, "Kidogo tena, kidogo tena," mpaka akawafikisha mbali. Wakaanza kuimba. Niliwachukia kutwa nzima, lakini dakika ile waliimba vizuri.

Tulikaa mimi na mdogo wangu kwenye jiwe la zege. Sikuzunguka. "Mama alisema nini?"

Akazungusha mwiko mikononi. "Yaya, usikasirike."

"Sema."

"Alikuwa anatetemeka. Nikamfunika blanketi, nikamfunika na kitenge changu juu yake. Akafungua macho akaniambia, 'Unanifunika kama bugali. Nani anakuja kunila? Nifunue, mjinga wewe.' Nikamfunua. Akageukia ukutani. Ndiyo hivyo, hakusema tena."

"Na Mpendane?"

"Watu walijaa mlangoni, wananiuliza, ameacha neno gani? Wanangoja baraka. Ningewaambia bugali? Nikasema lililokuja mdomoni. Halafu likafika kwako, likahubiriwa, ningelirudishaje?"

Nilitaka kukasirika, nilikuwa na hasira ya kutosha ya siku ile nzima. Lakini nilimsikia mama kabisa, sauti yake ya puani, na ule mjinga wewe wake. Nikaanza kucheka. Mdogo wangu naye akacheka, akajifunika uso na aproni, tukaegemeana, na pale chini ya aproni nikajua ameshaanza kulia. Mtu wa getini akatusogelea, akauliza kama tuko salama. Nikamwonesha kadi yangu.

Nilipanda. Kutoka juu kwaya ilikuwa bado inaimba, na mdogo wangu alikuwa anapunga ule mwiko mpaka sikuweza tena kuutofautisha na mkono.

Ndani ya kabati letu kulikuwa na baridi kama ule uwanja wa ndege. Mjukuu akanivua viatu, akanitandikia blanketi mpaka kidevuni, akalipachika kila upande kwa mikono yake ya hospitali.

Nikamwambia, "Nifunue. Nani anakuja kunila?"

"What, Bibi?"

"Nifunue, mjinga wewe."