Laptopu Iliyomwagiwa Maji ya Baraka

Jamani, hii habari nilikuwa nimeapa nitazikwa nayo, lakini kwa kuwa shoga zangu wa Mkuyuni wameshaanza kuisimulia wao, tena kwa kuongeza chumvi (eti nilizimia! sikuzimia, nilikaa chini tu), bora niiseme mwenyewe na aibu yangu yote.

Ilikuwa ile miaka soko huria limeshakolea, madukani hukosi kitu, orijino na feki vimelala rafu moja, na mimi Dafroza nilikuwa nimeacha kupiga chapa kwenye ofisi ya watu kule Dar nikarudi kufungua kimeza changu pale Mkuyuni, nawachapia watu barua, risala na kadi za harusi. Mali yangu ilikuwa laptopu moja, mpya, niliyoinunua Morogoro mjini kwa Mzee Shabani makusudi kwa sababu ilikuja na karatasi ya garantii ya mwaka mzima, yenye muhuri wa duka lake. Ikifa ile, basi nafunga kimeza narudi Dar kwa kaka, kulala sebuleni na kuulizwa na wifi kila asubuhi kama nimeshapata nauli ya kuondokea.

Sasa, haikumaliza hata msimu mmoja wa machungwa, kioo kikaanza kuchora mistari, mara kinazima chote, ukikitikisa kinawaka, ukikigusa kinazima tena. Roho iliniruka, lakini nikajituliza kwamba haki yangu ipo. Redioni kulikuwa na kipindi cha haki za mlaji ambacho nilikuwa sikikosi, nilishameza maneno yote, kasoro, wajibu wa muuzaji, na kadhalika na kadhalika. Ningekwenda kimya kimya siku yoyote ile, mambo yangeishia kwenye kaunta. Mimi nikaamua nitakwenda Jumamosi, duka likiwa limefurika, ili mwenye duka aone haya kunikatalia mbele za watu. (Hapo ndipo nilipoharibu.)

Mama alikuwa ameshuka kutoka kwake milimani Kinole na pilipili manga zake, amelala kwangu, akasema hawezi kuniacha niende peke yangu kugombana na watu wa mjini. Akavaa kanga zake za kutokea, rozari shingoni, laptopu nikaifunga kwenye kitambaa cha kufuma, tukaondoka mpaka dukani kwa Mzee Shabani.

"Shikamoo mzee," nikaanza vizuri tu.

"Marahaba mwanangu, karibu."

Nikamweleza. Akasikiliza, kisha akanionyesha kwa kidole ukutani, kwenye bango la MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Ahaa! Nilikuwa nalisubiri hilo. Nikachomoa karatasi yangu, nikapaza sauti mpaka waliokuwa wanajaribu pasi kule nyuma wakageuka.

"Mzee, bango lako halifuti garantii yako mwenyewe! Muhuri huu si wako? Mimi nimeitunza kama yai, haijaanguka, haijakaa juani, na tone la maji haijawahi kuliona!"

"Mpe, dada, mpe!" akapiga kelele kijana mmoja aliyebeba feni. Watu wakapiga makofi. Basi nami kichwa kikavimba, nikawageukia kabisa nikaanza, "Wananchi wenzangu..." Nawaambia kweli, nilisema wananchi wenzangu, mtu aliyekwenda kutengenezewa kioo.

Mzee Shabani hakubishana. Akamwita fundi wake. "Rashidi, ifungue hapa hapa, wote waone."

Rashidi akaigeuza, akatoa skrubu, akanyanyua kifuniko, na maji yakachuruzika, yakatambaa juu ya kaunta mpaka kwenye karatasi yangu ya garantii. Watu wakasogea kuchungulia.

"Dada," akasema Rashidi, "hii imeoga."

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikajibu, "Ni jasho. Mashine zikifanya kazi sana hutoka jasho."

Wallahi sijui lilitoka wapi neno lile. Watu walicheka mpaka kijana wa feni akaiweka chini. Ndipo mama akanivuta mkono.

"Mwanangu, si jasho hilo. Ni maji ya baraka. Niliinyunyizia alfajiri ulipokwenda kuoga, kidogo tu, ila kichupa kikaniponyoka, nikafuta kwa kanga."

Nikakaa chini, juu ya katoni la pasi. Na Mungu anisamehe, kwa muda ule nilitamani isijulikane kwamba yule ni mama yangu.

"Kwani yanaharibu?" mama akauliza. "Mbona baiskeli ya baba yake ilibarikiwa ikaloa yote?" Alipoona nimeinamisha kichwa akaelewa. Akawageukia watu. "Basi kosa ni langu. Nisemeni mimi, huyu msimcheke. Hilo ndilo jembe lake."

Kicheko kikakatika. Nilitaka kulia, tena si kwa aibu.

Mzee Shabani akamtazama. "Mama, kwani uliibariki kwa nini?"

"Si kwa sababu kioo kilikuwa kimegoma? Ingekuwa nzima ningeisumbulia nini?"

"Kwa hiyo kioo kiligoma kwanza, maji yakafuata." Akamgeukia fundi. Rashidi akachungulia, akasema maji yameishia kwenye vitufe, juu kukavu, waya wa kioo ndio uliolegea, tena ulikuja hivyo hivyo kutoka kiwandani.

Mzee akashusha pumzi. "Mama angenyamaza, ningewarudisha na maji yenu, na hakuna ambaye angenilaumu. Kioo ni juu yangu, garantii ni neno langu. Vitufe vikaushwe, hilo ni la kwenu."

"Na bango je?" akachokoza kijana wa feni.

"Bango ni la wasio na karatasi," akajibu, na safari hii tulicheka wote, mama akijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Laptopu ilirudi kioo kikiwa safi, na watu wakawa wanapita kimezani kwangu kumwangalia yule dada wa jasho la mashine, wakishacheka wanaacha kazi ya kuchapa, kwa hiyo Dar sikurudi, na wifi alipata sebule yake. Haki yangu bado naidai, tena kwa sauti, aliyetoa garantii aitimize. Ila sitoki tena nyumbani kabla ya kuuliza kwa upole, jamani, kuna aliyeigusa? Wa kwanza kumuuliza ni mama. Na akishanijibu, dukani nakwenda naye.