Fundi Rangi Alivyojipiga Msasa

"Kwani ngozi yako ukuta wa choo? Si nakuuliza wewe!" Mke alikuwa ameshika kiuno. "Mtu mzima na ndevu zako unajipiga msasa!"

Fundi rangi kakaa kitandani, mkono wa kulia kauzamisha kwenye beseni la maji baridi. Tangu mbalanga, yale mabaka meupe ya ngozi, imwanzie vidoleni, watani wa mtaa walimwita Pundamilia. Hakununa. "Pundamilia hahitaji fundi," alikuwa akiwajibu, "anazaliwa kashapakwa."

Aliyemkosesha raha ni mama wa hoteli. Alishampa kazi ya kupaka ukumbi wa kulia, kazi nono, halafu akamgeuka mchana kweupe: "Wateja wangu watadhani inaambukiza. Kaitibu hiyo mikono kwanza."

Fundi mbio kwa muuza mitishamba. Akapewa maji ya majani yaliyopondwa: paka, kaa juani kidogo, basi. Lakini fundi ni fundi. Rangi gani inashika ukuta usiopigwa msasa? Akasugua mabaka mpaka yakawaka moto, akapaka, akaona haijakolea, akapaka tena, akajianika juani kama samaki. Kufika jioni mkono umeumuka kama mkate. Kulipokucha akaenda zahanati.

"Nesi kasemaje?" mke akauliza, ingawa alishaambiwa.

"Kasema kuna mimea wataalamu wanaichunguza kweli, ila majibu bado. Na mingine ukiipaka ukakaa juani, inakubabua."

"Na msasa?"

"Hapo aliniambia nirudie mara tatu. Alidhani hajasikia vizuri."

Mke akaanza kucheka, mara hodi. Mama wa hoteli huyo, kaja mwenyewe.

"Fundi, nimesikia mkono umeharibika. Natafuta mtu mwingine. Na hata rangi yenyewe sijachagua, vile vikopo vya dukani vimenichanganya kichwa."

Fundi akaona kazi inaota mbawa. Akautoa mkono majini.

"Vikopo vya nini, mama? Sampuli zote hizi hapa. Chagua."

Mama akaguna. Akasogea. Akaushika mkono, akauvuta dirishani penye mwanga, woga kausahau mlangoni.

"Hii ya kidole gumba?"

"Krimu. Inapanua chumba."

"Na hii nyekundu?"

"Hiyo haiuzwi. Ya msasa hiyo."

Mama akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Basi krimu juu, hii kahawia ya kifundo chini."

"Na wateja wako, mama?"

"Si nimekushika? Nimekufa?"

"Haiambukizi," mke akadakia. "Mimi nalala naye, kilichonipata ni shuka kutiwa madoa."

"Sasa utapakaje na mkono huo?" mama akamgeukia fundi.

"Wa kushoto mzima, mama. Msasa uliisha kabla sijafika huko."

Hakungoja abadili mawazo. Akafunga kitambaa kibichi mkononi, akachomoka kwenda dukani kutafuta krimu, mke nyuma yake akimpigia kelele apite kivulini.